Miguu ya Mdiria

Koti la studio lilikuwa jeusi zamani, liliponunuliwa. Sasa lilikuwa na rangi isiyo na jina, na lilinuka makwapa ya mji mzima. Kila mwanamume aliyekuja kupiga picha ya pasi bila koti lake alipewa hilo, pamoja na tai iliyokwisha kufungwa fundo na kushonewa mpira nyuma. Alilivaa juu ya fulana iliyoloa jasho, akajitazama kiooni, akajiona meneja. Kisha alilivua, akaliacha kitini likiwa bado na joto lake. Mwenye studio alilinyanyua kwa ncha za vidole viwili, uso kaugeuzia ukutani, akalitundika msumarini lisubiri kwapa jingine.

Mtaani walimwita Bi Kinyaa, na hawakumsingizia. Alikuwa mwanamke wa makamo, msafi wa kupitiliza, ambaye hata maji ya kunywa aliyanusa kwanza. Kile kitana kilichofungwa kwa uzi kando ya kioo hakuwahi kukigusa tangu alipokifunga. Mteja alikipitisha kwenye nywele zake zenye mafuta, akakiachia kining'inie, akaja mwingine akakipitisha kwenye zake, na hakuna aliyekufa. Ila yeye alikuwa akiwatazama huku kitu kikimpanda kooni. Nyuso nazo! Alizitazama kwa karibu kuliko daktari: tongotongo, mate yaliyokauka pembeni mwa mdomo, na puani kunachungulia vitu ambavyo mwenyewe hakuwa na habari navyo. "Jifute uso, kaka," alisema, akimpa karatasi laini. Kaka alijifuta paji la uso kwa madaha, akaacha palepale penye aibu.

Nyumbani alikuwa na kikombe chake, sahani yake na kigoda chake. Mgeni aliyekikalia kigoda kile kwa kutojua alisikia maji yakimwagwa na brashi ikisugua kabla hajafika nje ya mlango. Watu walimcheka. Walimcheka zaidi kwa sababu ya mume, kwani mwanamke huyu ambaye hakuweza kugusa kikombe cha jirani aliolewa na fundi viatu, mtu ambaye kutwa nzima mkono wake umo ndani ya viatu vya watu.

Fundi alikuwa mpole, mwenye maneno machache na vidole vyeusi kwa rangi na gundi. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, akikaa hapo mkewe anamwona kutoka mlangoni mwa studio. Jioni alinawa kwa sabuni na mchanga kabla ya kuvuka kizingiti, bila kuambiwa. "Huyu ananuka gundi tu," mkewe aliwajibu wenye midomo. "Gundi ni uchafu wa kazi, si uchafu wa mtu." Kwa ulimi wake, hilo lilikuwa tamko kubwa la mapenzi.

Duniani kitu kimoja tu hakikumtia kinyaa, nacho ni ndege. Alisema ndege hatoki jasho, hapengi kamasi, hakopi kitana. Hakuwa amewahi kumshika hata mmoja, lakini tusimkate kauli. Siku za mapumziko alifunga studio, akabeba kamera yenye lenzi ndefu, wakaenda wawili yeye na mumewe kwenye kichaka cha nyuma ya mitambo ya maji. Kijito kilipita huko chini ya miti mikubwa, na mlinzi wa lango alikuwa mteja wa fundi, kwa hiyo waliingia bila maswali.

Mwanzoni alirudi mikono mitupu. Alikuwa na picha za matawi ambayo ndege ameyaacha sasa hivi, picha za mikia, picha za kitu cha buluu kinachopita. Siku moja aliketi juu ya jiwe akalia, mtu mzima, machozi yakichuruzika mpaka kwenye mkanda wa kamera. Fundi alimtazama mkewe akilia. Safari iliyofuata akaamka na wazo.

"Mke wangu, wewe una haraka. Acha mimi nitangulie, niangalie wanakaa wapi. Nikipiga mluzi, uje polepole."

Toka hapo mambo yakageuka. Akisikia mluzi alinyemelea chini ya miti, na kweli, ndege yupo tawini anamtazama. Haondoki. Alisogea hatua, akasogea nyingine, na ndege bado yupo. Wengine alipowakaribia sana walifungua mbawa, wakazipiga kwa nguvu, kisha wakatulia tena palepale, mdomo wazi kidogo. Picha za mbawa zilizofunguka ndizo zilizompa sifa. Ukuta wa studio ukajaa: chozi, kurumbiza, shorewanda, wote wakiwa wamekaa karibu kiasi cha kuhesabu manyoya.

"Wananijua," aliwaambia wateja waliokuwa wakisubiri zamu ya koti. "Ndege ana akili. Anamtambua mtu mwenye nia safi."

Kichwa kilimvimba, na nani asingevimba? Mume wake alisikia maneno hayo, akainamia kiatu chake.

Kila walipomaliza kichakani, fundi alimwambia mkewe, "Tangulia, mimi nabaki kidogo. Haja ndogo." Kila mara, bila kukosa. Mkewe alikunja mdomo, akaondoka mbio bila kugeuka, akimtupia maneno akiwa mbali: "Hicho kibofu chako kina tundu! Na unawe kijitoni, sisemi mara mbili!" Fundi alirudi amenawa mikono, inang'aa kwa mafuta, na mkewe hakuuliza mafuta ya nini. Mambo ya haja ya mtu, hata ya mumewe, hayakuwa mambo ya kuuliza.

Basi siku moja akaja mwanamke mmoja kupiga picha ya pasi, mhariri wa vitabu vya shule, mwenye koti lake mwenyewe, tena safi. Alipoona ukuta alisahau kilichomleta. Akauliza hili, akauliza lile, na alipoondoka alikuwa ameacha ahadi: kitabu cha ndege kwa watoto wa shule, picha zote za Bi Kinyaa, na jina lake halisi juu ya jalada. Ikiwa wakubwa wake wataridhika, cha pili kitafuata, cha wanyama.

Hapo ndipo Bi Kinyaa alipoanza kuota mchana. Hakuota utajiri. Aliota siku atakapolipeleka lile koti uani, alimwagie mafuta ya taa, aliwashe kiberiti, asimame kando akilitazama likiungua na makwapa yake yote. Alimweleza mumewe mpango huo mara nyingi, kwa undani, hata na upande atakaosimama ili moshi usimfikie. "Na kitana?" fundi aliuliza. "Kitana kitakuwa mfukoni mwa koti," alijibu.

Mhariri alipiga simu baadaye. "Dada, picha nzuri sana. Ila chini kote ni giza. Tumbo jeusi, miguu ndiyo haionekani kabisa. Na kitabu chenyewe kinamfundisha mtoto miguu: huyu anakwaruza ardhi, huyu anashika tawi, huyu anatembea topeni. Sasa nitafundisha miguu ipi? Nipatie hata mmoja ambaye miguu inaonekana, mdiria kwa mfano, yule mvua samaki, niwaonyeshe wakubwa kwamba inawezekana. Nakuomba iwe kabla wiki haijaisha."

Ni kweli, kichaka kilikuwa na kiza. Mwanga uliingia kutoka juu tu, ukapita katikati ya majani, ukamwangukia ndege mgongoni. Yeye aliupenda hivyo. Flashi kwake ilikuwa ya pasi, kitu cha kuwapiga watu usoni mpaka wanakuwa bapa, na hakutaka kuitia kwa viumbe wake. Lakini kitabu kilikuwa kitabu. Akamwendea binamu yake, mpiga picha za harusi, mtu wa mzaha ambaye alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

"Binamu, wewe unadhani flashi ni nyundo," alimcheka. "Bibi harusi amesimama chini ya mti saa sita mchana, gauni linawaka, macho ni mashimo mawili. Utamfanyaje? Unamwashia flashi ndogo tu, ya kujazia. Mwanga wa mchana ndio chakula, flashi ni chumvi. Ipunguze, halafu uipunguze tena. Mtu akiitazama picha asijue kama uliitumia. Kivuli kinafunguka tu, na jicho linapata kinukta cha uhai."

Alijifunzia kwa mumewe. Alimkalisha chini ya mti nje ya nyumba, kofia kichwani, akapiga bila flashi: chini ya ukingo wa kofia hapakuwa na mtu. Akapiga na flashi kali: mumewe akawa sahani. Akaipunguza, akaipunguza tena kama alivyoambiwa, na pale chini ya kofia ukatokea uso taratibu, na mikunjo yake, na macho mapole yaliyokuwa yakijizuia yasipepese.

"Nimekuwa kijana?" fundi aliuliza.

"Umekuwa unaonekana."

"Hayo ni mambo mawili tofauti," alisema fundi, akavua kofia.

Siku ya mdiria kulikuwa na mawingu mazito, na chini ya miti ungedhani kunakuchwa wakati ndiyo kwanza asubuhi. Fundi alitangulia mapema. Mkewe alingoja getini kwa muda mrefu, akaanza kununa, ndipo akasikia mluzi. Akanyemelea. Kwenye tawi kavu lililoinamia kijito alikuwapo mdiria, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu, kifua kikipanda na kushuka. Alisogea. Akapiga. Mwanga ulipomulika, ndege alishtuka, akafungua mbawa zote mbili, akazipiga, akazipiga, kisha akakaa.

"Umeona?" alimnong'oneza mumewe. "Hata flashi ananisamehe."

Aliendelea kupiga mpaka matone makubwa yakaanza kuanguka kwenye majani. Akaifunika kamera kwa kanga. "Tangulia," fundi alianza kusema, lakini ngurumo ilimkatiza, na mvua ikashuka kwa vishindo. Walikimbia wote wawili mpaka kibanda cha mlinzi, wakafika wameloa chapachapa.

"Leo kibofu kimeziba?" mkewe alimtania.

Fundi alicheka kicheko kisichofika machoni, akageuka kutazama kule walikotoka. Mvua iliponyamaza kidogo walirudi mjini, yeye kibandani, mkewe studio, kwa sababu viatu na nyuso za watu havikuwa na mapumziko siku hiyo.

Mchana Bi Kinyaa alipata nafasi. Mteja mmoja alikuwa ndani ya koti akingoja picha zake zikauke, naye akachomeka kadi kwenye kompyuta. Picha ilipofunguka nusura apige kelele. Tumbo la rangi ya chungwa lilionekana lote, unyoya kwa unyoya. Jichoni mlikuwa na kinukta cheupe, kama binamu alivyosema. Mwanga wenyewe haukujulikana ulitoka wapi. Hii ndiyo picha, alijiambia. Jina juu ya jalada. Akaikuza ili atazame miguu.

Kwanza alidhani lenzi ilikuwa na uchafu. Akaikuza tena. Vidole vidogo vyekundu havikuwa vimelishika tawi, vilikuwa vimezama. Vilizama ndani ya kitu kizito, cha kahawia, kinachong'aa, na pale ndege alipokuwa ameunyanyua mguu mmoja, kitu kile kilivutika kati ya kidole na tawi, nyuzi nyuzi, kama makamasi ya mtoto. Ukucha mmoja haukuwapo. Na kando ya mguu, ndani ya ute uleule, kulikuwa na unyoya wa manjano. Mdiria huyu hakuwa na unyoya wowote wa manjano. Ulikuwa wa mwingine, wa siku nyingine.

Mke wa fundi viatu anaijua gundi akiiona.

Mkono wake ulikwenda wenyewe kufungua picha za zamani. Alifanya kile ambacho hakuwahi kufanya kwa miaka yote ile, alipandisha mwanga wa vivuli tu, akaacha mengine. Miguu ya chozi ikatokea kwenye giza, imezama. Ya shorewanda, imezama. Ya kurumbiza, mmoja umezama na wa pili umepindika upande ambao mguu haupindiki. Na zile mbawa! Zile mbawa zilizofunguka, sifa yake yote, wageni wakisimama chini yake na kusema mashallah! Hakuna aliyekuwa akimkaribisha. Kila mmoja alikuwa akijaribu kuondoka.

"Mama, picha zangu tayari?" aliuliza mwenye koti.

Alikimbilia uani, akatapika kwenye karo. Akasukutua, akainama, akatapika tena.

"Pole, mama," yule mteja alisema kutoka ndani. "Au ndiyo habari njema?"

Alimpa picha zake, akamvua koti kwa mikono miwili bila hata kujua anashika nini, akaichukua kamera na kuvuka barabara.

Fundi alikuwa na kiatu mkono wa kushoto, sindano mkono wa kulia. Mkewe alimwekea kioo cha kamera chini ya pua, picha imekuzwa.

"Hiki nini?"

Fundi alitazama, akapangusa vidole kwenye aproni. "Ulimbo," alisema, kama anayetaja aina ya soli.

"Ulimbo."

"Utomvu wa mti. Unauchemsha na mafuta kidogo mpaka unavutika. Unapaka pale anapopenda kukaa. Utotoni ndiyo kazi tuliyokuwa tunaifanya."

"Wote? Wale wa ukutani kwangu wote?"

"Waliokaa, ndiyo wote. Wanapigapiga mwanzoni. Nawasubiri wachoke, halafu ndiyo napiga mluzi."

Alishika mlingoti wa kibanda. "Umenidanganya miaka yote hii. Mimi nakwenda nawaambia watu ndege wananijua, wewe upo hapo unanisikiliza, umekaa kimya!"

Fundi aliinua uso. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshangaa kweli, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

"Nimekudanganya? Mimi nilidhani unajua."

"Nijue vipi?"

"Mke wangu, wewe si mtoto. Ndege gani anakaa mtu amsogelee mpaka amhesabu manyoya? Ulilia siku ile, sikupenda kukuona unalia, nikatafuta njia. Nikasema huyu anajitia hamnazo kwa sababu ya kinyaa chake, basi, mimi nichukue upande wa uchafu, yeye achukue upande wa picha. Kama panya wa jikoni. Mtego nategea mimi, panya namtoa mimi. Umewahi kuniuliza nimemtupa wapi? Unasema tu, siku hizi jikoni kumetulia."

Watu wawili walikuwa wamesimama na viatu vyao mkononi wakingoja huduma. Walijifanya wanatazama barabara.

"Na ile haja ndogo?"

"Nilijua hapo hutauliza."

"Unawatoaje?"

"Kwa mafuta ya kupikia. Unampaka taratibu, kidole kimoja kimoja. Wengi wanatoka wazima."

"Na wengine?"

Fundi aliichoma sindano kwenye ngozi ya kiatu, akaiacha hapo. "Wengine mguu unabaki."

Aliwahi kuona kinyaa cha vikombe, cha vitana, cha vyoo vya stendi na vya hospitali. Hiki hakikuwa na pa kukikimbilia. Hakikuwa kwenye kitu ambacho angeweza kukiosha wala kukitundika msumarini, kwa sababu kilikuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe, kimekaa raha mustarehe miaka mingi, kikisema wananijua, wananijua. Halafu wazo jingine likamjia, likampiga kifuani.

"Na wa leo?"

Fundi aliuchomoa mkono kwenye kiatu.

"Wa leo umemtoa saa ngapi? Tulikimbia pamoja."

"Mvua ilinikimbiza. Nilisema nikifunga kibanda nitapita."

"Yupo pale mpaka sasa?"

"Yupo."

Walirudi kichakani mbio. Mlinzi aliwasalimia, wakampita kama hawakumsikia. Kwenye tawi kavu, mdiria hakuwa amekaa tena. Alikuwa ananing'inia kichwa chini kwa mguu mmoja, mbawa zimelowa na kufunguka, na mstari wa sisimizi ulikuwa ukitembea juu ya tawi, ukaingia kwenye ulimbo, ukatoka, ukashuka kwenye mguu. Nzi wawili walimzunguka. Alikuwa hai. Kifua kilikuwa kikienda mbio.

Fundi alitoa kichupa cha mafuta mfukoni, akanyoosha mkono.

"Toka," mkewe alisema. "Nipe mimi."

"Utatapika."

"Nitatapika. Nipe."

Alimshika. Ndege ambaye hatoki jasho alikuwa ananuka samaki aliyeoza. Alikuwa na joto kali, na chini ya manyoya yake wadudu wadogo wa kijivu walikimbia, wakapanda kwenye kifundo cha mkono wake, wakaingia kwenye mkono wa nguo. Akamnyea, maji meupe ya moto yakijaa kiganjani. Akamng'ata kwenye nyama ya kidole gumba, akang'ang'ania. Bi Kinyaa aligeuza uso pembeni, akatapika maji matupu kwenye majani, akaurudisha uso, akaendelea kupaka mafuta. Kidole kimoja. Kingine. Hakumwachia.

Simu ikalia kwenye mfuko wa gauni lake. Mikono haikuwa na nafasi. Fundi aliitoa, akatazama kioo, akamwekea sikioni.

"Dada, mhariri hapa. Wakubwa wameketi, wananiuliza. Ile ya miguu umeipata?"

"Nimeipata."

"Alhamdulillah! Inaonekana vizuri?"

"Inaonekana vizuri mno. Siwezi kukuletea."

"Kwa nini tena? Kama kuna kasoro, sisi tuna vijana wa kompyuta, wanafuta chochote. Wewe lete tu."

"Wamebandikwa," alisema. "Ndege wote ulioona ukutani kwangu. Wamebandikwa tawini kwa ulimbo, ndiyo maana wanakaa. Usitumie hata mmoja."

Sauti ya mhariri ikapoa. "Na wewe dada, hukujua?"

Alimtazama mume wake. Fundi alikuwa anasikia kila neno, simu i mkononi mwake. Aliinamisha kichwa, akangoja, na mkewe akaona wazi kwamba mtu huyu alikuwa tayari kubebeshwa mzigo wote na asifungue mdomo. Ilikuwa ni kutamka maneno mawili tu, mume wangu, na pengine jalada lingeokoka, kwa picha nyingine, kwa mpango mwingine.

"Sikutaka kujua," alisema.

"Unaelewa kitabu ndiyo kimekwenda hivyo?"

"Naelewa, mama. Samahani."

Fundi aliirudisha simu mfukoni mwa gauni. Mkewe hakuwa na muda naye. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeshika hadi kwenye mfupa. Aliweka mafuta, akangoja, akaweka tena, akakivuta kidogo kidogo. Kikatoka. Kucha mbili zilibaki kwenye tawi, na mguu ukajikunja chini ya tumbo, haukunyooka.

Alimweka juu ya mchanga kando ya kijito. Ndege alianguka ubavu, akajiinua kwa bawa, akasimama kwa mguu mmoja, amelowa, amepakaa mafuta, mchafu kuliko kitu chochote kilichowahi kupita studio. Bi Kinyaa alivua kitambaa cha kichwa, akainama amkaushe.

"Usimfuate, mke wangu," fundi alisema taratibu. "Anakuogopa wewe."

Alisimama na kitambaa mkononi. Kisha alirudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, akageuka, akampa ndege mgongo. Alisimama hivyo akitazama mizizi na majani yaliyooza, mikono kaiacha mbali na nguo zake, akisikiliza. Kulikuwa na mpapatiko mchangani, ukakoma, ukaanza tena, ukakoma.

"Haya," alisema fundi. "Ameondoka. Twende."

"Ameruka?"

"Ameondoka, mke wangu."

"Nimekuuliza, ameruka?"

"Hapana," alisema fundi mwishowe. "Ameingia majanini kwa mguu mmoja."